Kabla ya kuchomeka moduli: namna ya kugawa mabasi ndani ya chasisi ya mtandao

Fundi anayefungua chasisi ya mtandao, yaani sanduku lenye nafasi za kuchomekea moduli za mtandao, kwa mara ya kwanza huhesabu nafasi zilizo wazi, halafu huuliza ni moduli ngapi zitaingia. Swali hilo lina haki yake, lakini linatanguliwa na jingine: nyuma ya nafasi hizo kuna mabasi mangapi, yaani njia za pamoja zinazopitisha data kati ya moduli, kila basi lina uwezo gani, na moduli iliyo mkononi inaweza kuunganishwa na lipi kati yake? Moduli mbili zinaweza kukaa bega kwa bega, zikapata umeme kutoka chanzo kilekile, taa zao zote zikawaka kijani, na bado kompyuta iliyo kwenye moja isiione kamwe kompyuta iliyo kwenye nyingine, kwa sababu kila moduli imepewa basi lake. Hutokea pia kinyume chake, yaani moduli moja ya zamani ikachomekwa kati ya nyingine mpya, kila mtu akamwona kila mtu, lakini chasisi nzima ikapunguza mwendo bila taa yoyote nyekundu kuwaka.

Ninaandika haya kutoka Lubumbashi, ambako vifaa vingi vya mtandao vinavyofika mikononi mwetu vimekwisha kufanya kazi mahali pengine. Vingine hupitia mpaka wa Kasumbalesa vikitoka Afrika Kusini, vingine hutolewa na ofisi za mjini zinapohama au kufungwa, na mara nyingi hufika bila kitabu cha maelezo, bila nywila, na wakati mwingine bila hata kebo ya konsoli, ile inayounganisha kompyuta moja kwa moja na kifaa ili kukisanidi. Katika darasa la jioni ninaloliendesha kwa mafundi vijana katika komini ya Kampemba tunayo chasisi ya habu ya miaka ya 1990, ya ukoo wa Chipcom, na ndiyo ninayoanza nayo sikuzote, ingawa leo hakuna mtu ambaye angeiweka ofisini ili ifanye kazi. Sababu yangu ni kwamba ndani yake basi ni kitu kinachoonekana kwa macho: ukichomoa moduli zote na kumulika kwa tochi, unaziona safu za pini kwenye ubao wa nyuma, na unaweza kumwonyesha mwanafunzi kwa kidole njia ambazo data itapitia.

Kwanza neno juu ya majina, kwa kuwa yamewapotezea watu muda mwingi. Kampuni zilizotengeneza chasisi hizo zilinunuana hadi majina yao yakachanganyika. Chipcom ilinunuliwa na 3Com mwaka 1995, na 3Com yenyewe ikaingia mikononi mwa HP mwaka 2010. SynOptics iliungana na Wellfleet mwaka 1994 zikawa Bay Networks, ambayo nayo ilinunuliwa na Nortel mwaka 1998. IBM iliuza chasisi ya Chipcom kwa jina lake, kama IBM 8250. Kwa hiyo moduli yenye nembo ya IBM inaweza kuwa ndugu wa tumbo moja wa ile yenye nembo ya Chipcom, na kitabu unachokitafuta kikawa kimehifadhiwa chini ya jina la 3Com. Anayetafuta kwa jina la nembo peke yake ataambiwa hakipo.

Sasa tuingie kwenye ubao wa nyuma. Chasisi ya aina hii ina mabasi matatu ya Ethaneti yanayopita nyuma ya nafasi zote. Pini hizohizo hutumika pia kwa mitandao ya Token Ring na FDDI, kwa hiyo kila basi la Ethaneti unalolitumia hupunguza idadi ya mitandao ya aina nyingine inayoweza kukaa humo. Katika mazoezi yetu tunabaki na Ethaneti pekee, na hilo linatosha kufundisha kila kitu muhimu. Kila basi ni mtandao kamili wa megabiti 10 kwa sekunde, unaojitegemea. Ni wa kushirikiana: fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, inayoingia kwenye poti moja hurudiwa kwenye poti zote zilizo kwenye basi hilo, na wakati huo hakuna kompyuta nyingine ya basi hilo inayopaswa kutuma. Zikianza mbili kwa pamoja, mgongano hutokea, kila moja hunyamaza, husubiri muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena, kama wazee wawili wanaoanza kusema kwa wakati mmoja katika kikao cha ukoo na kila mmoja akampisha mwenzake. Kompyuta hukata tamaa baada ya kujaribu mara 16, na fremu hutupwa.

Hapo ndipo maana ya kugawa mabasi inapoanza kuonekana. Ukiwa na moduli sita, ukaziweka zote kwenye basi la kwanza, umejenga mtandao mmoja wa megabiti 10 ambao watu wote wanaugombania. Ukizigawa moduli hizo kwa mabasi matatu, umepata mitandao mitatu ya megabiti 10, na mgongano wa upande wa uhasibu hauigusi ghala. Lakini umepata pia kuta mbili ambazo hakuna fremu inayozivuka yenyewe. Habu hairuki kutoka basi moja hadi jingine. Ili uhasibu uione seva iliyo upande wa ghala, ni lazima uweke daraja au ruta, yaani kifaa cha kupitisha data, kati ya mabasi hayo, ama kama moduli ndani ya chasisi, ama kama kifaa cha nje kilichounganishwa na poti moja ya kila basi. Cabletron walilitatua jambo hili kwa njia niliyoipenda sana: katika chasisi zao za MMAC, moduli ya usimamizi iitwayo EMME ilibeba daraja la pande nne, yaani mabasi matatu A, B na C, pamoja na mlango wa nne wa kwenda nje. Ukiwa na moduli hiyo moja, mgawanyo na muunganisho vilipangwa mahali pamoja.

Kwa hiyo kazi ya kusanidi huanza na karatasi. Huwa nawapa wanafunzi mfano wa jengo lenye ofisi ya uhasibu, ghala la vipuri na karakana, kila upande ukiwa na kompyuta zake, kisha nawauliza seva ya uhasibu ikae kwenye basi gani. Wengi hujibu kwamba seva zote zikae pamoja kwenye basi moja la heshima, mbali na watumiaji. Jibu hilo huvutia kwa unadhifu wake, lakini kwa habu ni baya. Seva ya uhasibu ikikaa kwenye basi jingine, kila faili ambalo mhasibu analifungua litavuka daraja, na daraja litakuwa shingo ya chupa ambayo mabasi yote yanaitegemea. Iweke seva kwenye basi moja na watumiaji wake wakubwa, ili sehemu kubwa ya mazungumzo iishie palepale, na ni kidogo tu kinachovuka. Seva ambayo inatumiwa na pande zote kwa kiwango kilekile ndiyo inayostahili basi la tatu, pamoja na kebo ya faiba iendayo jengo la pili na mlango wa intaneti.

Kwenye karatasi hiyo nataka nione safu nne: namba ya nafasi, aina ya moduli, basi iliyopewa, na ni nani hasa aliye upande wa pili wa kebo. Safu ya nne ndiyo wanayoiruka, na ndiyo inayookoa siku. Pasipo hiyo, utajua kwamba moduli ya nafasi ya 4 iko kwenye basi la pili, lakini hutajua kwamba poti yake ya 7 ni ya mashine ya kuchapisha stakabadhi pale mlangoni.

Baada ya karatasi huja moduli zenyewe, nazo hazina uhuru sawa. Kuna moduli ambazo poti zake zote huhama pamoja kutoka basi moja hadi jingine. Kuna zile ambazo poti zake zimegawanywa katika makundi, na kila kundi huhama peke yake. Kisha kuna zile za bei ya juu, ambazo kila poti inaweza kupewa basi lake bila kujali jirani yake. Tofauti hii haionekani usoni mwa moduli. Soketi ni zilezile, taa ni zilezile. Ni lazima usome namba ya mfano na kuitafuta kitabuni. Katika mfano wetu, moduli ya poti zinazohama mojamoja ndiyo inayofaa ghorofa ambako wahasibu na watu wa ghala wamechanganyika katika chumba kimoja, kwani vinginevyo utalazimika kuvuta kebo mpya kwa sababu ya mtu mmoja aliyehamisha meza.

Mpangilio wenyewe hufanywa kwa njia mbili. Kama chasisi haina moduli ya usimamizi, kila moduli husoma swichi ndogondogo zilizo kwenye ubao wake, na inabidi uichomoe, uzisukume kwa ncha ya kalamu, kisha uirudishe. Kama moduli ya usimamizi ipo, maagizo yake ndiyo yanayotawala, na swichi hizo hupuuzwa. Hapa pana mtego kwa wanaonunua vifaa vya mitumba: swichi zinaweza kusema basi la kwanza wakati kumbukumbu ya moduli ya usimamizi inasema basi la tatu, na fundi anayeangalia swichi tu atabishana na chasisi mchana kutwa. Agizo lenyewe ni fupi. Unaandika, kwa mfano, set module 4 network ethernet_2, na moduli nzima ya nafasi ya 4 inahamia basi la pili papo hapo. Ipo pia hali ya kuitenga moduli, ambayo huiondoa kwenye mabasi yote ikabaki kisiwa: poti zake zinaonana zenyewe kwa zenyewe tu. Ni hali nzuri ya kupimia kifaa unachokishuku kabla ya kukiruhusu kuingia katika mtandao wa watu.

Mpangilio wa maagizo una uzito wake. Moduli ya usimamizi nayo ni mkazi wa mtandao. Ina anwani, na imekaa kwenye basi mojawapo. Ukiwa umeifikia kupitia mtandao, kutoka kompyuta iliyo kwenye basi la kwanza, kisha ukaiamuru ihamie basi la tatu, umekata tawi ulilolikalia. Skrini itaganda, na utashuka ngazi na kebo ya konsoli mkononi. Hamisha kwanza moduli ya mbali, halafu ile ya karibu, na moduli ya usimamizi iwe ya mwisho. Ikiwezekana kazi yote ifanywe kupitia konsoli, ambayo haitegemei basi lolote.

Na kuhifadhi. Chasisi hizi hutekeleza agizo mara moja, lakini hazilikumbuki mpaka uziambie zihifadhi. Katika mji ambao umeme haukatiki, kusahau huko kunaweza kufichika miaka. Kwetu hufichuka haraka. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako mtandao ulikuwa umefanya kazi vizuri tangu fundi alipoupanga, umeme ukakatika usiku, betri za ondulea, kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika, zikaisha, na asubuhi chasisi ikaamka na mpangilio wa mwenye kifaa wa zamani, ambaye hata hakuwa katika nchi hii. Mama wa mapokezi aliniuliza, "Papa, ni nani aliyeingia usiku akachezea mashine?" Hakuna aliyeingia. Maagizo yalikuwa kwenye kumbukumbu inayofutika, yakafutika. Tangu hapo, wanafunzi wangu hawatoki darasani kabla ya kuzima chasisi kabisa, kuiwasha tena, na kuona kama mpangilio umerudi kama walivyouacha.

Kuna jambo moja ambalo vijana hulifanya kwa nia njema kabisa. Wanaona kwamba moduli ya nafasi ya 2 na ya nafasi ya 4 hazionani, nao wanajua kwamba kebo huunganisha vitu, kwa hiyo wanachukua kipande kifupi cha kebo na kuunganisha poti moja ya moduli hii na poti moja ya ile, juu kwa juu, usoni mwa chasisi. Kompyuta zinaanza kuonana, nao wanafurahi. Kilichotokea ni kwamba mabasi mawili yaliyotenganishwa yamekuwa tena eneo moja la mgongano. Mgawanyo wote uliofanywa kwenye karatasi umefutwa na sentimita 30 za waya. Mwingine akiongeza kebo ya pili "kwa usalama", anafunga mzunguko, na habu haina akili ya kuuona mzunguko; kile kinachowalinda watu wa madaraja, yaani kanuni ya 802.1D ya kuzima njia za ziada, hakimo ndani ya ripita, kifaa kinachorudia ishara tu kama habu yetu. Mtandao unasimama baada ya sekunde chache tu.

Ripita nzuri hujilinda kwa namna moja. Ikiona poti fulani inaleta mgongano zaidi ya mara 30 mfululizo, huifungia poti hiyo peke yake na kuwaacha wengine waendelee. Taa ya poti hiyo hubadilika, kwa kawaida ikapepesa au ikageuka rangi. Nimeona watu wakibadilisha moduli nzima kwa sababu ya taa hiyo, wakati ugonjwa ulikuwa kwenye kebo iliyobanwa na mguu wa kabati au kichwa cha kebo kilichofungwa kwa jozi zilizopishana. Poti hujifungua yenyewe pale fremu inapopita salama, na hilo huwachanganya zaidi, maana kosa linapona na kurudi.

Umbali nao uwemo kwenye karatasi. Kebo ya shaba ya 10BASE-T haipaswi kuzidi mita 100. Faiba ya 10BASE-FL hufika kilomita 2. Juu ya hapo kuna hesabu ya ripita: kati ya kompyuta mbili zozote za eneo moja la mgongano, fremu isipite ripita zaidi ya nne. Chanzo cha sheria hiyo ni muda. Fremu fupi kabisa ina baiti 64, yaani biti 512, ambazo kwa mwendo wa megabiti 10 huchukua mikrosekunde 51.2, na habari ya mgongano lazima imrudie mtumaji kabla hajamaliza kutuma, la sivyo atadhani fremu yake ilifika salama. Kila ripita na kila mita hula sehemu ya muda huo. Chasisi moja inaweza kuhesabiwa kuwa ripita moja au zaidi kutegemea kama moduli zake hurudia ishara kila moja peke yake au kwa pamoja kupitia basi, na hili nalo huandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Anayeunganisha majengo matatu kwa faiba, chasisi kwa chasisi, asiahirishe hesabu hii, kwani mtandao utafanya kazi wakati watu ni wachache na utaanza kupoteza fremu watu wanapoongezeka.

Upande wa mikono sitauchelewesha, isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza ni vumbi. Kuanzia mwezi wa tano hadi mvua za kwanza, vumbi jekundu la Lubumbashi huingia kila mahali, na nafasi iliyoachwa wazi bila kifuniko huvuta vumbi hilo moja kwa moja hadi kwenye pini za ubao wa nyuma. Kifuniko cha nafasi tupu kina kazi nyingine pia, ya kuufanya upepo wa feni upite juu ya moduli zenye joto badala ya kukimbilia tundu rahisi. Watu huvitupa vifuniko hivyo siku ya kwanza. La pili ni namna ya kuchomeka. Vaa kamba ya kuondoa umeme tuli, shika moduli kwa kingo, iongoze kwenye reli zake za juu na za chini, isukume taratibu hadi uhisi pini zikigusa, kisha ufunge vishikizo viwili kwa pamoja kwa nguvu moja isiyositasita. Skrubu hukazwa baadaye. Hazikuumbwa kwa kuivutia moduli ndani. Moduli iliyokaa upande ni mbaya kuliko moduli isiyokuwepo.

Mtu atasema kwamba haya yote ni ya makumbusho. Mwanafunzi mmoja aliniambia hivyo waziwazi: "Mwalimu, sisi tutakutana na swichi, si habu." Ni kweli, leo ni zama za swichi, kifaa kinachopeleka fremu kwenye poti ya mlengwa tu, na ndiyo maana nusu ya pili ya mafunzo inahusu Cisco Catalyst 6500, chasisi iliyotoka mwaka 1999 na ambayo bado inazungukazunguka katika soko la mitumba la ukanda wetu. Ndani yake nako kuna basi. Ubao wake wa nyuma una basi la pamoja la gigabiti 32 kwa sekunde, ambalo kadi za kizazi cha kwanza (kadi ndilo jina la moduli humu) hulitegemea kwa kila kitu. Baadaye iliongezwa njia nyingine, ambapo kila nafasi hupata mikondo yake yenyewe kuelekea katikati, kwanza kwa moduli ya pekee iitwayo Switch Fabric Module, kisha ndani ya moduli ya usimamizi ya Supervisor 720 iliyotoka mwaka 2003. Kadi za kizazi cha kati hupata mkondo wa gigabiti 8; kadi za familia ya 6700 hupata mikondo ya gigabiti 20, mmoja au miwili. Kwa hiyo chasisi moja inabeba kadi zinazoishi kwenye basi, kadi zinazotumia mikondo, na kadi zinazojua vyote viwili.

Hapo mpangilio wa karatasi hurudi kwa nguvu zake zote. Kama kadi zote ndani ya chasisi zinajua mikondo, Supervisor 720 hufanya kazi katika hali ya kubana, kadi zikituma kwenye basi vichwa vya fremu tu, tena vilivyofupishwa, nayo inaweza kuamua njia za paketi milioni 30 kwa sekunde. Ukichomeka kadi moja tu ya kizazi cha kwanza, kadi ambayo haielewi vichwa vilivyofupishwa, chasisi inarudi nyuma ili isimwache huyo mgeni, na uwezo wa uamuzi wa katikati unashuka hadi milioni 15. Hakuna kengele. Hakuna taa. Kadi zenye ubongo wake wa kuamua hazidhuriki sana, lakini nyingi zinazouzwa mitumba hazina ubongo huo. Agizo la show fabric switching-mode litakuambia chasisi iko katika hali gani, na ningependa kila anayenunua chasisi ya aina hii aliandike agizo hilo kabla ya kulipa.

Nafasi nazo si sawa. Katika chasisi ya 6509 yenye nafasi tisa, Supervisor 720 hukaa kwenye nafasi ya 5 au ya 6, wala si ya 1 au ya 2 ambako zile za awali zilikaa. Katika 6513, nafasi ya 1 hadi ya 8 zina mkondo mmoja tu kila moja, na mikondo miwili inapatikana kuanzia nafasi ya 9 hadi ya 13. Kadi ya 6700 ya mikondo miwili haiwekwi huko juu. Ndani ya kadi nako kuna mabasi madogo ambayo mtu hayafikirii. Kadi ya WS-X6148-GE-TX ina poti 48 zilizoandikwa gigabiti, lakini poti hizo zimegawanywa katika makundi sita ya poti nane, na kila kundi linagawana gigabiti moja tu kuelekea ndani. Seva mbili zikiwekwa kwenye poti ya 1 na ya 2, zitanyang'anyana. Moja ikihamishwa hadi poti ya 9, kila moja inapumua. Hakuna mstari wa usanidi unaoweza kurekebisha hilo. Ni suala la kebo kuingia tundu gani, na aliyewahi kugawa poti kwa mabasi matatu ya habu ya zamani huliona bila kuelezwa mara ya pili.

Hata kitendo cha kuchomeka kadi wakati chasisi inafanya kazi kina habari ya basi ndani yake. Pini za kadi za 6500 hazilingani kwa urefu. Ndefu hugusa kwanza na kuliambia basi lisimame kidogo, fupi hugusa baadaye, na mara kadi inapokaa sawasawa basi huendelea. Yote ndani ya muda usiofika sekunde moja kama mkono ni thabiti. Mkono ukisita katikati, basi linasubiri pamoja nawe, na ofisi nzima inasubiri pamoja na basi. Maelekezo ya vishikizo viwili na nguvu moja niliyoyatoa kwa habu ya miaka ya 1990 yanahusu pia mashine hii, na kwa sababu nzito zaidi.

Kwa sasa ninashughulikia 6509 ya mteja mmoja hapa mjini, iliyofika ikiwa na kadi tatu za mikondo na kadi moja ya kizazi cha kwanza yenye poti 48 za megabiti 100, ambayo muuzaji aliiongeza kama zawadi. Poti zinazohitajika kwenye kadi hiyo ni chache, zote za mashine za kuchapisha na saa za kusajili mahudhurio. Nimemshauri mteja aitoe, azihamishie mashine hizo kwenye swichi ndogo inayojitegemea, na swichi hiyo iunganishwe na chasisi kwa poti moja ya gigabiti kwenye kadi ya nafasi ya 3, katika kundi ambalo halina seva. Kadi itatolewa baada ya saa za kazi, kifuniko kitawekwa mahali pake, hali ya mikondo itakaguliwa, usanidi utahifadhiwa, na chasisi itazimwa na kuwashwa tena kabla ya watu kuingia asubuhi.